SURUALI YA MARINDA YA BIBI

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa suruali ya marinda. Ni ile waliyoivaa mabibi wa Unguja chini ya kanzu, imebana mguuni na kumalizwa kwa marinda yanayochungulia mtu akitembea. Sayyida Salme bint Said, katika kitabu chake kilichochapwa Berlin mwaka 1886, hakuacha kueleza kanzu na suruali za kwao. Vijana wetu waliozaliwa hapa Doha huziona pichani tu.

Basi mwaka jana binti wa kaka yangu aliniletea picha za wasichana wa mtaa wa Harajuku, Tokyo. Wamevaa mtindo uitwao Lolita, ulioanza huko miaka ya 1970 na 1980: sketi imetuna kama kengele, lesi shingoni, na chini suruali fupi ya marinda.

"Shangazi," akasema, "hii si ile ya Bibi?"

Ile ya Bibi, yaani mama yangu, ni ya bafta nyeupe. Aliivaa harusini kwake, na mwaka 1964 ikatoka naye Unguja sandukuni. Fundi mmoja aliwahi kuipitisha cherehani kwa uzi mzito. Uzi ukabaki mzima, nguo ikachanika ubavuni mwake. Mtoto alitaka kuyakata marinda ayashone kwenye sketi yake. Nikakataa. Mama akasema, "Mwache akate, mimi sitaivaa tena." Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi nikamwita mtoto, tukaanza kuufumua uzi wa fundi kwa ncha ya sindano. Kazi hiyo pekee ilichukua siku mbili. Tukairoweka kwa maji baridi na sabuni laini, tukabadilisha maji mara tatu, bila kuikamua, tukaitandaza kivulini juu ya taulo. Doa la kutu nililiacha. Ndimu huling'oa, lakini nguo iliyochoka huila pia. Palipochanika tukatia bitana ya melimeli, kwa mkono, mishono midogo.

Ndipo tukaipima juu ya gazeti. Kumbe kila shibiri ya pindo imekula shibiri tatu za kitambaa! Mafundi wa siku hizi hubania kwa moja na nusu, kisha hushangaa marinda yamelala.

Bafta mpya tulinunua Souq Waqif. Suruali ikakatwa hadi chini ya goti, lastiki badala ya kigwe, na lesi nyembamba ukingoni kama wanavyofanya Wajapani. Mtoto alishona mguu wa kushoto peke yake.

Siku ya Idi aliivaa na sketi yake, akaja kumwamkia bibi yake. Mama alimwambia atembee hadi mlangoni na kurudi, pole pole. Akamtembeza tena. Kisha akavaa miwani, akaushika ule mguu wa kushoto.

"Hapa umekusanya mno," akasema. "Nipe sindano."