Ndege ya Vita na Wenye Haki Nayo

Kisiwani Malta, katika Bahari ya Mediterania, imo ndege moja ya kale ya kivita iitwayo Faith, yaani Imani. Ni Gladiator, iliyoundwa Uingereza na kampuni ya Gloster. Mabawa yake hayapo tena. Kiwiliwili chake kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Vita, ndani ya ngome ya St Elmo mjini Valletta.

Je, hapo ndipo mahali pake? Mpenzi wa ndege wa Kiingereza aweza kudai kuwa chombo kilichoundwa kwao na kurushwa na marubani wao ni haki yao. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tarehe 11 Juni 1940, siku moja baada ya Italia kuingia vitani, mabomu yaliiangukia Malta. Askari sita wa kikosi cha mizinga cha Malta waliuawa siku hiyo hiyo, papo hapo St Elmo. Katika vita hivyo waliuawa raia wapatao 1,500, na jamaa nyingi ziliishi katika mapango yaliyochimbwa mwambani. Mnamo Septemba 1943, Keith Park, kamanda wa Jeshi la Anga la Uingereza kisiwani humo, aliwakabidhi wananchi mabaki ya Faith. Basi ile ni amana mikononi mwa wenyewe. Malta ilipata uhuru mwaka 1964, na majeshi ya Uingereza yaliondoka tarehe 31 Machi 1979, ndege ikabaki.

Waingereza nao hutenda vivyo hivyo. Novemba 1940 ndege ya Italia aina ya Fiat CR.42 iliharibika na kutua ufukweni Orford Ness. Hata leo imo katika makumbusho ya jeshi lao la anga.

Hata hivyo, uzalendo usigeuke uzushi. Husimuliwa kuwa Malta ililindwa na Gladiator tatu tu: Imani, Tumaini na Upendo. Kwa hakika zilitumika zaidi ya tatu, na majina hayo yalikuja baadaye. Mwenye kuihifadhi amana ana wajibu wa kuieleza kwa ukweli.

Nasi wa visiwa tunalo la kujiuliza. Manowari ya Kiingereza Pegasus ilizamishwa na Wajerumani katika bandari ya Unguja tarehe 20 Septemba 1914, na mabaharia wake wamezikwa Chapwani. Mzinga wake umewekwa Fort Jesus, Mombasa. Hatusemi ndugu zetu wa Mombasa wameudhulumu, wameutunza. Lakini kijana wa Unguja ataisoma wapi habari ya siku ile? Hapana budi wahusika wa mambo ya kale waweke japo kibao kimoja bandarini, kwa Kiswahili fasaha, kabla hatujawadai wengine. Asiyeitunza habari yake hana hoja ya kudai chombo.