Mvua Haiharibu Picha za Harusi



Watoto wetu wengi huonywa hivi: "Usile kwenye sufuria! Siku ya harusi yako mvua itanyesha!" Basi mvua ikinyesha siku ya harusi, watu humcheka bibi harusi. Husema, "Huyu alikuwa mlaji wa ukoko!"

Huo ni utani tu. Mvua ina majira yake. Katika mikoa mingi ya pwani na kaskazini, masika huanza Machi na kwisha Mei. Sasa tuangalie kalenda. Wakristo wengi hawafungi ndoa wakati wa Kwaresima. Hungoja mpaka Pasaka. Na Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na tarehe 25 Aprili. Waislamu wengi nao hungoja Ramadhani iishe. Mwaka 2023 na mwaka 2024, Idi ilikuwa mwezi wa Aprili. Kwa hiyo harusi nyingi huja katikati ya masika. Ukoko hauna kosa.

Je, mvua ikinyesha, picha zimeharibika? Hapana! Kinachoharibu picha ni kutojiandaa. Na jambo hili si dogo. Wali ukiungua, mtapika mwingine. Siku ya harusi hairudi. Bibi aliyekaa karibu na bibi harusi leo, huenda mwakani hatakuwepo. Picha hiyo moja ndiyo wajukuu watakayomjulia.

MWANGA WA MAWINGU NI MZURI

Watu hudhani picha nzuri hutaka jua kali. Sivyo. Jua la saa sita hutia kivuli chini ya macho. Watu hukunja uso. Shela nyeupe hung'aa mno, hata maua yake hayaonekani.

Mawingu hufanya kazi kama shuka nyeupe iliyotandazwa chini ya jua. Mwanga hutawanyika pande zote. Nyuso huonekana vizuri, na shela huonekana vizuri.

Lakini angalia jambo moja. Usiwasimamishe maharusi huku nyuma yao kuna mbingu tupu. Mbingu yenye mawingu bado ina mwanga mwingi. Kamera hupima mwanga huo, kisha hupunguza. Matokeo yake, nyuso hutoka nyeusi kama kivuli. Nyuma yao pawe na ukuta, mlango au migomba. Kama unatumia simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu. Simu nyingi zitapima mwanga wa pale ulipogusa.

CHAGUA MAHALI MAPEMA

Usingoje mvua ianze ndipo ukimbie huku na huku. Siku moja kabla ya harusi, tembelea nyumba. Tafuta baraza pana. Maharusi wakae ndani kidogo ili wasilowe, nao waelekee nje kwenye mwanga. Mpiga picha asimame upande wa nje, pembeni kidogo, asizuie mwanga. Mtu mmoja amshikie mwavuli. Kazi ya mtu huyo iwe hiyo tu.

Wazee wasivutwe matopeni. Wapelekeeni viti barazani. Tena waanze wao kupigwa picha, kabla hawajachoka na kabla mvua haijazidi.

Angalia pia rangi ya kitu kilicho juu ya watu. Turubai la bluu hufanya nyuso zote ziwe za bluu. Mwavuli mwekundu hutupa wekundu usoni. Turubai jeupe ni bora. Mwavuli mweupe ni bora.

Na flashi je? Mvua ikinyesha kati yako na watu, flashi humulika matone. Picha hujaa madoa meupe. Ukiwa mvuani, izime. Itumie ndani ya nyumba au chini ya paa.

KAMERA IWE KAVU

Maji ni adui wa kamera na simu. Ifunike kwa plastiki safi, ukiacha tundu la lenzi tu. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Lakini plastiki iliyofungashia shati jipya yafaa kwa kazi hii. Usiitupe ovyo baadaye.

Chukua vitambaa viwili vya pamba, laini na safi. Kimoja kifutie maji nje ya kamera. Kingine kiwe cha lenzi peke yake.

Ukitoka kwenye baridi ya mvua na kuingia chumba chenye joto na watu wengi, lenzi hupata ukungu. Ni sawa na kifuniko cha sufuria kinavyotoa jasho. Usiogope. Ngoja dakika chache, kisha futa taratibu. Ukipiga kabla ya hapo, watu wote wataonekana kama wako ndani ya moshi.

Simu ikilowa, izime mara moja. Ifute. Usiichaji. Usiiweke karibu na moto. Watu wengine huifukia ndani ya mchele. Mchele huacha vumbi na chenga ndani ya simu. Iweke mahali pakavu penye upepo, hata siku nzima au zaidi.

Kumbuka betri. Siku za mawingu, umeme wa jua huchaji polepole. Basi chaji siku moja kabla, si asubuhi ya harusi.

RADI SI YA KUCHEZEA

Hapa tunasema kwa mkazo. Picha haina thamani kuliko mtu. Ukiona mwako wa radi, hesabu polepole: moja, mbili, tatu. Sauti ya ngurumo huchukua kama sekunde 3 kusafiri kilometa 1. Ngurumo ikifika kabla hujamaliza 30, radi iko karibu. Acheni picha. Ingieni ndani ya nyumba, wala msikae barazani. Msikimbilie chini ya mwembe, kwani radi hupenda kupiga miti mirefu. Ngojeni dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

KALAMU NA KARATASI

Sisi tuliosoma tuna silaha nyingine, nayo ni kuandika. Familia iandike orodha ya picha inazotaka: maharusi na wazazi, bibi na babu, mashahidi, wajomba na shangazi. Mvua ikichanganya mambo, orodha haitasahau mtu. Andikeni pia mapatano na mpiga picha: bei, idadi ya picha, na siku ya kuzileta. Kila upande ubaki na nakala.

Zamani mkanda mmoja wa filamu ulitoa picha 36 tu. Sasa kadi moja ndogo hubeba mamia ya picha. Lakini kadi ikipotea, zote zimepotea. Kwa hiyo wekeni nakala mahali pawili. Na chache zichapishwe kwenye karatasi, kisha zitunzwe mbali na ukuta wenye unyevu. Picha ya karatasi haihitaji betri. Bibi ataishika mkononi na kuitazama.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mbingu tupu nyuma ya watu huharibu picha?
2. Katika kijiji chenu, ni baraza gani lafaa kwa picha siku ya mvua?
3. Mtafanya nini radi ikianza wakati wageni wamekwisha kusanyika?
4. Andikeni orodha ya picha kumi za harusi ambazo familia isingependa kuzikosa.