Halloween: Kwa nini wajukuu wa Marekani huvaa kama mizuka?

Mama yangu hapa Kinakomba alipotumiwa picha ya mjukuu wake aliyeko Marekani amevaa mifupa, alidhani mtoto amerogwa. Akakataa kupokea simu.

Nilimweleza hivi. Halloween, 31 Oktoba, ni mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote. Zamani watu wa Ireland waliamini kuwa usiku huo mizimu hutembea, wakajifanya mizimu ili wasidhurike. Wahamiaji wao waliipeleka desturi hiyo Marekani. Taa walizochonga kwa mizizi mfano wa figili zikachongwa kwa maboga, haya haya tunayopika kwa nazi. Leo watoto hupiga hodi kwa majirani kuomba peremende.

Mzee, kama hulipendi jambo hili, zungumza na wazazi. Mtoto mpokelee simu; yeye anangoja bibi amsifu.