Unyevu katika Ghala la Karafuu

Bwana mkulima wa Chake Chake, tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu. Basi waijua taabu yake: kuchuma, kuchambua makonyo, kuanika, na kuanua mbio mvua za vuli zikitisha. Lakini wako ambao mali yao huharibika taabu hiyo yote ikiisha kwisha, nayo imo maguniani. Mchumia juani hulia kivulini. Ila kivuli kikiwa na unyevu, hakuna kitakacholiwa.

Labda utasema, "Ghala langu halivuji." Sikiliza basi: hata ghala lisilovuja huingiwa na maji kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ardhi. Sakafu na kuta hunyonya maji ya chini kama utambi unyonyavyo mafuta. Ukitaka hakika, tandika kipande cha nailoni sakafuni, ukikandamize pembeni kwa mawe, ukiache usiku kucha. Ukikuta upande wa chini umelowa, maji yatoka ardhini. Jenga kichanja cha miti, shibiri moja juu ya sakafu, uyapange magunia hapo, wala yasiguse ukuta. Nje, chimba mfereji uyaondoe maji ya paa. Ukuta wa mawe na chokaa usiukandike kwa saruji, kwani saruji huuzuia unyevu usitoke. Ukandike kwa chokaa.

Ya pili ni hewa. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, na ipoapo huuacha. Usiku bati hupoa upesi, likatokwa na jasho, matone yakaanguka juu ya magunia. Weka dari ya miti na majamvi chini ya bati. Siku ya jua fungua madirisha tangu saa nne asubuhi hata saa tisa. Usiku na wakati wa mvua yafunge.

Ya tatu ni karafuu yenyewe. Kilo tatu za karafuu mbichi hutoa kama kilo moja kavu. Yaliyobaki ni maji, nayo yapasa kutoka juani, yasitoke gunianі. Karafuu iliyokauka huvunjika kwa mlio; ipindayo bado ni mbichi. Tena usizitie guniani zikiwa na moto wa jua. Ziache zipoe kwanza.

Ukiona kuvu ukutani, jifunge kitambaa puani na mdomoni, usugue, kisha upake chokaa. Lakini kufuta kuvu si kuponya ghala. Ugonjwa ni maji, na yasipozibiwa njia kuvu itarudi. Karafuu zilizoota kuvu usizichanganye na nzima ukidhani jua litazitakasa: kuianika huikausha kuvu, hakuiondoi, na konzi chache huharibu gunia zima.

Lizunguke ghala lako leo, kabla ya kuchuma.