Korongo taji: ndege anayelea watoto chini, kando ya shamba lako

Mvua za kwanza zikishuka huku Kisenge, wilaya ya Dilolo, wakulima wanarudi kwenye dembo, yale mabonde ya maji na majani marefu. Udongo wake unashika maji, na mboga inakubali. Lakini ni katika mabonde ya namna hii, chini kabisa katikati ya majani, ambamo korongo taji anataga.

Ndege huyu anajulikana mashariki na kusini mashariki mwa Kongo. Urefu wake ni karibu mita moja, mwili wa kijivu, mashavu meupe, na kichwani taji la manyoya ya rangi ya dhahabu. Wanyarwanda wanamuita umusambi. Waganda wamemuweka katikati ya bendera yao.

Mwaka 1985 walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000 Afrika nzima. Mwaka 2004 walibaki kati ya 50,000 na 64,000. Tangu 2012, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, linamuweka kati ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka.

Miezi minne chini

Wengi wanafikiri shida ni bunduki. Kumbe shida kubwa ni jembe, moto na mikono ya watu.

Jike anataga mayai mawili au matatu tu. Dume na jike wanaatamia kwa zamu, karibu mwezi mmoja. Vifaranga wakitoka wanatembea upesi, lakini kuruka bado: wanahitaji miezi miwili au mitatu zaidi. Kwa hiyo karibu miezi minne familia nzima inategemea majani kujificha. Dembo likikaushwa kwa mifereji, majani yakichomwa, au mbwa wakiachwa wazurure, kizazi cha mwaka huo kimekwisha.

Halafu kuna biashara. Kifaranga asiyeweza kuruka ni rahisi kumkamata, na kuna matajiri wanaopenda kumfuga kama pambo la nyumba. Watu wanaona ni kumtunza. Lakini korongo aliyefungwa ni nadra sana azae, na mara nyingi anakatwa mabawa. Ukitoa mmoja kwenye dembo, umetoa na watoto ambao angezaa.

Rwanda walifanya nini

Jirani zetu walikuwa na shida hii hii: korongo walijaa majumbani na mahotelini. Kuanzia 2014, daktari wa wanyama Olivier Nsengimana na wenzake waliomba wenye ndege wawatoe kwa hiari, bila kuadhibiwa. Zaidi ya 200 walitolewa. Wengi walipelekwa mbuga ya Akagera wazoee pori tena. Wale walioharibika mabawa wanatunzwa Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 porini. Miaka michache baadaye walipita 1,000. Kazi kubwa ilifanywa na wenyeji wa vijiji, waliolinda mabonde na kuzungumza na majirani zao.

Na mahindi yetu?

Mkulima ana haki ya kulalamika. Korongo anafukua mbegu iliyopandwa karibuni, na mwenye njaa hawezi kuambiwa avumilie tu. Lakini hasara hiyo inakuja hasa siku za kwanza, kabla mahindi hayajashika mizizi. Ulinzi wa siku hizo, kwa kelele na kwa watu kupokezana shambani, unatosha zaidi kuliko sumu, ambayo inaua pia kuku na inaweza kufika kwenye maji ya kunywa. Baada ya hapo korongo anageuka kuwa msaada: anapigapiga miguu chini, panzi na wadudu wanaruka, anakula.

Ukikuta kiota, usishike mayai na usiite watu kuja kutazama. Acha majani yanayokizunguka yasimame mpaka vifaranga waruke, ulime upande mwingine. Funga mbwa. Mjulishe shefu wa kijiji, ili watu wakubaliane pamoja sehemu gani ya dembo isilimwe wala kuchomwa. Na mtu akikuletea kifaranga cha kuuza, kataa. Biashara ya ndege huyu kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa CITES, na hapa nchini kuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira. ICCN ndiyo idara ya serikali inayohusika na wanyama wa pori.