Mwanga ule angani: ni nyota, sayari au droni?

Mtu aliyekimbia vita akiona mwanga mkali angani usiku, hujiuliza haraka: ni ndege? Ni droni? Kuanzia Machi 2026 sayari Zuhura itaonekana upande wa magharibi mara baada ya jua kuzama, nayo itang'aa kuliko nyota zote. Ni vizuri kuitambua mapema, ili isiwatie watoto hofu wala kuzusha uvumi katika makazi yetu.

Namna ya kutofautisha

Simama mahali pamoja uani, ulinganishe mwanga huo na pembe ya paa au tawi la mti. Subiri dakika tano.

- Ukibaki karibu palepale, ni nyota au sayari. Zote husogea polepole kuelekea magharibi, kwa sababu dunia inazunguka. Nyoosha mkono na ukunje ngumi: kwa saa moja husogea kama ngumi moja na nusu.
- Ukimetameta, aghalabu ni nyota. Mwanga wa sayari umetulia zaidi, isipokuwa ikiwa chini karibu na upeo.
- Ukivuka anga kwa dakika chache, kimya, bila kuwakawaka, ni satelaiti.
- Ndege huwaka na kuzima taa, nyingine nyekundu na kijani.
- Droni inaweza kusimama hewani, kisha ikageuka ghafla. Ikiwa karibu utasikia mlio wake. Hapo mwarifu kiongozi wa RWC wa kijiji chako au polisi.

Zuhura haionekani usiku wa manane. Huonekana jioni baada ya jua kuzama au alfajiri kabla halijachomoza, kwa sababu iko karibu na jua kuliko dunia yetu.

Anga la Februari

Usiku wa tarehe 17 Februari hakutakuwa na mwezi, hivyo nyota zitaonekana vizuri. Karibu saa 3 usiku, inua uso juu kabisa. Utaona nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Huo ni mkanda wa Jabari. Kaskazini yake kuna nyota yenye wekundu, Betelgeuse. Kusini yake kuna Rigel, nyeupe yenye kibuluu.

Fuata mstari wa nyota hizo tatu kuelekea kusini-mashariki. Utafika kwenye Sirius, nyota inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Upande wa kusini, chini zaidi, kuna Suheli, ya pili kwa mwanga. Upande wa kaskazini-magharibi kuna Kilimia, kishada cha nyota ndogo.

Mwanga mkali uliotulia upande wa kaskazini-mashariki ni Mshtarii, sayari kubwa kuliko zote. Tarehe 9 Juni itakuwa karibu sana na Zuhura jioni, magharibi. Taa hizo mbili pamoja zisimshangaze mtu.

Nyota za kuonyesha njia

Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali ziko karibu na mstari wa ikweta. Kwa hiyo hapa Nyota ya Kaskazini haisaidii: iko kwenye upeo wenyewe, au chini yake. Lakini mkanda wa Jabari hapa huchomoza mashariki na kuzama magharibi, karibu sawasawa. Ukiuona unachomoza au unazama, umejua pande zote nne.

Goma, Bukavu na Bunia nazo haziko mbali na ikweta. Ukiongea kwa simu na ndugu aliye huko, mwambie atoke nje. Saa yake itakuwa nyuma ya yako kwa saa moja, lakini nyota zile tatu zitakuwa juu ya kichwa chake pia.

Waonyeshe watoto nyota hizi kabla ya Machi. Zuhura ikitokea, wao ndio watakaowaeleza majirani.