Kupima Diplomasia ya Kiongozi Mpya

Wako wanaoipima diplomasia kwa kuhesabu safari na mizinga ya heshima. Mkulima wa Ipole, pale barabara ya Tabora inapogawanyika kwenda Mpanda na Rungwa, ana kipimo kingine: je, mpaka umefunguka?

Rais Samia Suluhu Hassan aliapishwa Machi 19, 2021. Aprili 11 alikuwa Uganda kwa mikataba ya bomba la mafuta, ambalo njia yake inapita Mkoa wa Tabora. Mei akaenda Kenya, iliyokuwa imezuia mahindi yetu Machi 5 kwa hoja ya sumukuvu. Rais Kenyatta akaagiza mahindi yaliyokwama mpakani yapitishwe katika wiki mbili.

Kuanza na majirani kulikuwa sahihi. Lakini agizo hupitisha malori tu. Halikaushi mahindi ghalani.